Kurasa tano kwa siku: mpango wa kusoma katika mwaka uliokatika Goma

Goma, Kivu Kaskazini – Kila mwaka mpya unapoanza, wakaaji wa Goma hupanga mambo. Mmoja anapanga kumaliza nyumba yake ya mbao, mwingine kulipa deni la butike, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wanapanga kupata Exetat. Kati ya mipango hiyo kuna mmoja usiosikika sana sokoni Virunga wala kwenye foleni ya maji: mpango wa kusoma. Hausikiki, lakini upo. Umeandikwa nyuma ya kaye, ndani ya jalada la Biblia, ao katika simu yenye kioo kilichopasuka.

Hapa Kivu si jambo geni. Katika familia nyingi za wakristo kuna mtu mmoja, mara nyingi nyanya ao shemasi, anayejiahidi kila mwaka kumaliza Biblia yote. Hesabu yake inajulikana. Biblia ya Waprotestanti ina vitabu 66 na sura 1,189. Ukizigawa kwa siku 365, ni sura tatu na zaidi kidogo kila siku. Mmoja wa mipango inayofuatwa hadi leo ulitungwa mwaka 1842 na mchungaji Robert Murray M'Cheyne kwa ajili ya kanisa lake la Dundee, kule Scotland. Kwa waislamu wa mji hesabu ni nyepesi zaidi. Kurani imegawanywa katika juzuu 30, na Ramadhani ina siku 29 ao 30. Anayesoma juzuu moja kila siku anakhitimu mwezi unapoisha.

Kila aliyejaribu anajua pia mahali mpango unapovunjikia. Kitabu cha Mwanzo na cha Kutoka vinaenda mbio kwa sababu ni hadithi. Kisha kinakuja Walawi na sheria zake. Siku mbili zinapita bila kusoma, deni linakuwa sura sita, halafu kumi na tano, na mtu anafunga kitabu hadi mwaka ujao. Wengi wanajiita wavivu, lakini mara nyingi kosa liko katika mpango wenyewe: haukuacha nafasi ya siku mbaya. Na katika mji huu anayepanga mwaka bila kuweka nafasi ya siku mbaya anajidanganya.

Vitabu 12, na mkononi vitatu

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa watoto wanne, alikimbia upande wa Masisi mwezi wa pili 2024, wakati vita vilipokaribia Sake. Alifikia Bulengo, magharibi ya Goma, akajenga hema juu ya mawe ya volkano kama maelfu ya wengine. Kabla ya vita alikuwa na sanduku la vitabu. Aliondoka na godoro, sufuria mbili na watoto. Watu wa Goma wanaelewa hilo bila maelezo. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, na siku chache baadaye serikali ilipoamuru sehemu kubwa ya mji kuhama, barabarani yalionekana magodoro, mbuzi na watoto mgongoni. Vitabu vilibaki nyumbani.

Mwanzoni mwa 2025 mwalimu huyo alifungua kaye mpya na kuandika juu ya ukurasa wa kwanza: vitabu 12, kimoja kila mwezi. Kambini alikuwa na vitatu: Biblia ya Kiswahili, kitabu cha jiografia cha shule, na riwaya ya Zamenga Batukezanga iliyokuwa imepoteza jalada na kurasa za mwanzo. Vingine tisa vilikuwa vya kutumainia. Namba 12 ilitoka katika maisha yake ya zamani, alipokuwa na taa, meza na mshahara. Haikutoka katika hema lile.

Chini ya lengo alichora safu nne: tarehe, kurasa, mahali, na neno jipya. Siku za kwanza zimeandikwa vizuri, kwa mwandiko wa mwalimu. Kurasa nane, kurasa kumi, kurasa sita. Mahali: Bulengo, Bulengo, Bulengo. Kisha, katika juma la mwisho la mwezi wa kwanza, safu zinabaki tupu.

Hakuna mkaaji wa Goma anayehitaji kuelezwa kwa nini. Vita viliingia mjini, na tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 walitangaza kwamba wameuchukua. Umeme ulikatika, maji yalikatika, intaneti ilikatika. Watu walilala sakafuni mbali na madirisha. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zilifungwa. Mwezi wa pili kambi kubwa za kandokando ya mji zikaondolewa, na waliokuwa ndani wakaambiwa warudi vijijini. Wengine walirudi na kukuta nyumba bila mabati. Wengine waliingia kwa ndugu katika kata za mji. Mwalimu alipokelewa na familia Ndosho, watu kumi na mmoja katika vyumba viwili.

Kaye ilisafiri naye kwa sababu ilikuwa ndani ya mkoba wa kadi za chanjo za watoto. Alipoifungua tena mwezi wa tatu, jambo la kwanza alilofikiria ni kung'oa ukurasa wa kwanza. Lengo lilikuwa limekwisha kushindwa, na mwaka ulikuwa bado mchanga. Hakung'oa. Alipiga mstari kwenye siku zote tupu, akaandika pembeni neno moja, "vita", akaendelea na tarehe ya siku hiyo. Mahali: Ndosho. Kurasa: mbili.

Kuhesabu kurasa na siku

Tangu hapo hakuhesabu tena vitabu. Alihesabu siku alizosoma, na kurasa. Tofauti inaonekana ndogo, lakini hesabu yake inafaa kila mtu mwenye maisha yasiyotulia.

Mtu anayesoma kurasa tano kila siku anafikisha kurasa 1,825 kwa mwaka. Hizo ni vitabu tisa vya kurasa 200. Mtu huyo huyo akisoma siku nne tu kwa juma, kwa sababu siku nyingine ni za soko, za maji, za kufua na za wagonjwa, anafikisha kurasa 20 kwa juma na 1,040 kwa mwaka. Bado ni vitabu vitano. Na akipoteza majuma kumi mazima kwa sababu ya vita, ugonjwa ao safari, anabaki na kurasa 840, yaani vitabu vinne. Mwaka uliokatika vibaya namna hiyo bado una vitabu vinne ndani yake. Yule aliyeandika "vitabu 12" hawezi kuviona, kwa sababu anachoona ni vinane alivyokosa.

Lengo dogo lina faida nyingine: linaingia mahali lengo kubwa haliwezi kuingia. Goma iko karibu na ikweta, na jua linazama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Nyumba isiyo na umeme ina nafasi ndogo ya mwanga kati ya kurudi kazini na giza, na nafasi hiyo hiyo ndiyo ya kuwasha makala na kupika. Kurasa tano zinaweza kusomwa sombe ikichemka. Kurasa thelathini haziwezekani.

Motari mmoja anayesubiri wateja karibu na mzunguko wa Signers alipata njia yake bila kufundishwa. Anasoma katika simu, vitabu ambavyo rafiki humtumia kwa WhatsApp. Simu ikiwa na moto mdogo, hasomi, anaiwekea wateja. Lengo lake halihesabiwi kwa siku wala kwa kurasa: ni kipande kimoja kabla ya mteja wa kwanza wa asubuhi. Siku ya wateja wengi ni siku njema kwa mfuko, siku ya wateja wachache ni siku njema kwa kitabu. Anasema hivyo akicheka, lakini kipande cha asubuhi hakikosi.

Lengo la anayeanza na herufi

Kuna wasomaji ambao mwaka wao haupimwi kwa kurasa. Mama mmoja muuza makala, naye mkimbizi wa vita, hakuwahi kukaa shuleni zaidi ya miezi michache. Kila msaada ulipogawiwa kambini, jina lilitafutwa katika orodha iliyobandikwa, naye alilazimika kumwomba kijana amsomee. Mara moja kijana alimwambia jina lake halimo. Alirudi hemani bila unga. Siku iliyofuata jirani aliliona jina lake katika karatasi ya pili, lakini ugawaji ulikuwa umekwisha.

Aliingia darasa la watu wazima la kanisa na lengo moja: kabla ya mwaka kuisha, ajitafutie jina lake mwenyewe. Lengo hilo lilikuwa na hatua zinazoonekana. Kwanza herufi za jina lake. Kisha majina ya watoto. Kisha namba, kwa sababu orodha zina namba. Kisha ujumbe wa simu, kwa sababu siku hizi msaada wa feza mara nyingi unakuja na ujumbe, na asiyeujua anampa mtu mwingine simu yake na siri yake. Hakuwa na kaye ya kufuatilia. Kila siku aliyohudhuria somo alichora mstari wa makala kwenye ubao nyuma ya mlango. Watoto wake walikuwa wakiihesabu mistari hiyo na kumkumbusha siku alizokosa.

Anayedharau mstari wa makala akumbuke kwamba wakubwa pia walihesabu. Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, aliweka madaftari ya vitabu alivyosoma na vile alivyotaka kusoma kuanzia 1838 hadi 1860. Malcolm X, akiwa gerezani Marekani, alijifunza maneno kwa kunakili kamusi ukurasa baada ya ukurasa. Na hapa kwetu Kongo, Patrice Lumumba, aliyezaliwa Onalua tarehe 2 Julai 1925, hakufika chuo kikuu. Alikuwa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo, na alijisomesha kwa vitabu na magazeti hadi akaandika kitabu chake mwenyewe akiwa kifungoni, miaka ya 1956 na 1957.

Pasipoti ya msomaji

Mahali pengine kazi hii imefanywa kuwa ya nchi nzima. Mwaka 2015, Dubai ilianzisha shindano la kusoma kwa wanafunzi wa nchi za Kiarabu. Kila mwanafunzi anaombwa kusoma vitabu 50 kwa mwaka, nje ya vitabu vya shule. Kila anaposoma kitabu, anaandika muhtasari wake katika kijitabu kinachoitwa pasipoti. Pasipoti moja inachukua vitabu kumi; akiijaza, anapewa nyingine ya rangi tofauti, hadi tano.

Vitabu 50 vinahitaji maktaba, na shule nyingi za Kivu Kaskazini hazina hata kabati la vitabu. Lakini wazo la muhtasari linaweza kuchukuliwa bure. Mtoto aliyesoma hadithi moja na kuandika mistari mitatu juu yake ana kitu ambacho mwalimu ao mzazi anaweza kukiona. Mistari mitatu inasema zaidi ya alama ya kwamba kitabu kimekwisha, kwa sababu kuna watoto, na watu wazima pia, wanaofungua kurasa hadi mwisho bila kubakiza kitu kichwani.

Vitabu vyenyewe vinaweza kuwafuata watu walipo. Mwaka 2014 shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilipeleka nchini Burundi maktaba za kwanza zinazofungwa ndani ya masanduku, zinazoitwa Ideas Box. Ziliwekwa katika kambi za wakimbizi, zikiwemo Kavumu na Bwagiriza, na waliokuwa wakiishi humo walikuwa wakongomani. Kwa mwenye simu, African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, unatoa hadithi za watoto bila malipo katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Hadithi hizo ni fupi, na mtoto anayeanza anaweza kumaliza moja kwa kikao kimoja. Kwa mtoto aliyepoteza miezi ya shule, kumaliza ni dawa. Anajifunza kwamba kitu kinaweza kufika mwisho wake bila mtu kukikatiza.

Nyumbani Ndosho, mwalimu alitumia jambo hilo. Jumamosi jioni watoto wote wa nyumba, wake na wa wenyeji wake, walisoma kwa sauti kwa zamu. Aliyesikiliza aliandikwa sawa na aliyesoma. Kitabu kimoja kikawa cha watu saba, na ugomvi wa vyumba viwili ukapungua kwa saa moja kila juma. Mume wake, aliyevuka mpaka na kufika Nakivale, Uganda, alianza kupokea sauti za watoto kwa simu intaneti iliporudi. Mtoto wa pili, anayesoma kwa kukwama, alirudia ukurasa mmoja mara tano kabla ya kukubali utumwe. Baba alijibu kwa kusoma ukurasa uliofuata. Aliupata wapi? Alipigiwa picha ya kitabu chote, karatasi kwa karatasi.

Vituo vinne vya kujipima

Mwaka ni mrefu, na kaye inayofunguliwa mwisho wa mwaka tu huleta huzuni. Kuna tarehe ambazo dunia nzima imeziweka kwa ajili ya vitabu na lugha, na msomaji anaweza kuzitumia kama vituo njiani. Tarehe 23 Aprili ni Siku ya Kitabu Duniani, iliyowekwa na UNESCO mwaka 1995. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Kusoma na Kuandika, inayoadhimishwa tangu 1967. Cha nne ni mwisho wa mwaka.

Katika kila kituo maswali matatu yanatosha. Nimesoma siku ngapi tangu kituo kilichopita? Ni nini kilichonizuia? Lengo lipunguzwe, liongezwe, ao libaki? Swali la pili ndilo lenye kazi. Kama kilichozuia ni giza, dawa ni kusoma mchana. Kama ni kitabu kigumu, kibadilishwe. Anayechoka na Kifaransa kizito anaweza kushika Kiswahili: Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka 1951, ni kifupi, Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha 1971, kinasomwa hadi leo, na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, imetafsiriwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Na kama kilichozuia ni vita, hakuna dawa ya kaye. Kinaandikwa, mstari unapigwa, na tarehe mpya inaanza bila deni.

Kutobeba deni ndiyo sheria aliyoishika mwalimu mwaka mzima. Siku iliyopotea haikulipwa kwa kurasa kumi za kesho. Ilibaki ilivyo.

Mwisho wa 2025 hesabu yake ilikuwa vitabu vinne, na nusu ya cha tano. Muuza makala, kwa upande wake, alikuwa amefika kwenye majina ya watoto wote sita na namba hadi mia. Kambi ilikuwa imeondolewa, kwa hiyo orodha ya kwanza aliyoisoma peke yake haikuwa ya msaada. Ilikuwa ya wazazi, mlangoni pa shule ya msingi. Alitafuta kwa kidole kutoka juu, akapita majina mengi, akasimama kwenye lake. Karani alipomwomba aweke kidole kwenye wino, aliomba kalamu.

Kwa 2026 mwalimu hakuandika idadi ya vitabu. Ameandika: siku nne kwa juma, kurasa tano, Jumamosi watoto. Kaye ya zamani hakuitupa. Safu ya tatu, ile ya mahali, inaonyesha Bulengo, kisha mistari mitupu, kisha Ndosho, kisha majuma mawili Sake alipoenda kuangalia kama kurudi kunawezekana, kisha Ndosho tena. Alikuwa ameichora ili ajue anasoma vizuri zaidi wapi. Sasa ndiyo karatasi pekee inayoonyesha familia ilikuwa wapi, na lini. Binti yake mkubwa ameomba afunguliwe kaye yake mwenyewe, yenye safu hizo hizo nne.